Direction Iko na Jeu

"Ijulikane kwa wanafunzi wote, walimu, wapishi na mbuzi wawili wa shule kwamba, baada ya uchunguzi wa kina, imethibitika: Direction iko na jeu. Inayumba kulia na kushoto kabla ya kuamua. Raia wote wanaombwa kuwa watulivu."

Tangazo hilo zito liliandikwa nyuma ya karatasi ya sabuni na kubandikwa ukutani kwa bugali wa jana. Wasichana wa shule ya bweni walipotoka misa ya asubuhi kwenda kunywa uji, mmoja wa mbuzi waliotajwa alikuwa amekwisha kula kona yake. Sehemu iliyobaki ilisomeka vizuri, na kicheko kikafika mpaka jikoni.

Joyeuse, msichana wa miaka kumi na mitatu, alisimama nyuma ya wenzake na kucheka kwa kiasi, kama mtu anayeliona tangazo kwa mara ya kwanza.

Mjini Butembo neno "direction" lina makao mawili. Shuleni ni ofisi ya mkuu, na mkuu mwenyewe pia. Gerejini ni usukani pamoja na vyuma vyote vinavyoufuata mpaka kwenye magurudumu. Na "jeu", kwa mafundi, ni kule kuchezacheza kwa chuma mahali kinapopaswa kutulia. Joyeuse alikuwa binti wa Muyisa, fundi wa magari wa mtaa wa Bulengera, kwa hiyo aliyajua makao yote mawili.

Jumamosi alikuwa amepanda gari kuukuu la shule, lililoitwa Mathusalem, kwenda Masereka kuchukua viazi. Alikaa karibu na dereva, Papa Phinées, akaona anavyozungusha usukani robo nzima kabla magurudumu hayajapata habari. Kwenye mashimo usukani ulipanda na kushuka kama kichwa cha kuku anayekunywa maji. Baba yake angesimamisha gari palepale. Joyeuse yeye aliona ni kichekesho kizuri mno kuachwa kipotee bure.

Masera Godelive, mtawa na mkuu wa shule, alisoma tangazo mara mbili. Kisha akauliza mbele ya uji wa watu wote, "Nani ameandika?"

Joyeuse alitazama viatu vyake kwa makini sana.

"Vizuri," alisema Masera. "Basi Jumapili hakuna atakayetembelewa na wazazi mpaka mwandishi huyu ajitokeze."

Mwandishi hakujitokeza.

Siku mbili baadaye, wakati wa uji uleule, Masera aliwasimamisha wasichana saba wa mwaka wa sita. Ulikuwa mwaka wa pili wa vita, na kituo chao cha mtihani wa Serikali kilikuwa kimehamishiwa Beni. "Lori tuliloahidiwa limechukuliwa na askari," aliwaambia. "Mtihani unaanza kesho. Barabara iko wazi leo tu, na kizuizi cha kutoka mjini kinafungwa saa nane mchana. Mtakwenda na Mathusalem."

Wa tatu katika wale saba alikuwa Victoire, dada yake Joyeuse. Joyeuse aliuacha uji wake na kutoka mbio.

Alimkuta Papa Phinées akifuta vioo.

"Papa Phinées, direction iko na jeu."

Phinées alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitambaa kilekile cha vioo. "Hata wewe umeisoma? Mutu aliandika ile, hapana mujinga."

"Hapana, Papa. Nasema ya gari."

"Ya gari? Mais nilibadilisha rotule mwezi uliopita, vile viungo vya kwenye magurudumu. Iko nacheza kidogo, sababu ya uzee tu. Hata magoti yangu iko nacheza, na bado natembea."

Joyeuse alikimbilia bwenini. Victoire alikuwa akipanga rula na kalamu katika mfuko wake.

"Yaya Victoire, usipande lile gari. Usukani wake umelegea."

"Joyeuse, leo hapana. Mwaka jana uliniambia kuna nyoka ndani ya sanduku langu."

"Ilikuwa kamba."

"Donc unakubali. Ilikuwa kamba." Victoire alifunga mfuko wake na kutoka.

Hapo ndipo Joyeuse alipoelewa. Neno lilikuwa la kweli, lakini alikuwa amelitumia lote kwa kuchekesha, na sasa kila alipolisema watu walisikia mzaha. Ili aaminiwe, ilimbidi kwanza akubali kwamba karatasi ya sabuni ilikuwa yake.

Alibisha hodi ofisini.

"Masera, lile tangazo niliandika mimi."

Masera Godelive aliweka kalamu chini. "Umechagua siku nzuri ya kunipotezea wakati."

"Lakini lilikuwa kweli, Masera."

"Kweli? Mimi ndiye ninayeyumba kulia na kushoto?"

"Hapana, Masera. Gari." Joyeuse alinyosha mikono kama anayeshika usukani. "Baba hupima hivi. Mmoja anashika usukani na kuusukuma juu na chini. Halafu anauzungusha kidogo kulia na kushoto, na mwenzake anatazama magurudumu. Kama nimedanganya, nifukuzwe."

"Kama umedanganya utafukuzwa," alisema Masera huku akiinuka. "Hilo halikuhitaji kusemwa."

Wasichana saba walikuwa wamekwisha kupanda. Masera aliwashusha wote, akakunja mikono ya kanzu yake na kukaa mahali pa dereva. Aliuvuta usukani juu. Ukaja wote, pamoja na bomba lake, vidole viwili vizima. Aliuzungusha kidogo kushoto, kidogo kulia.

"Phinées, magurudumu yamefanya nini?"

Phinées alikuwa amepiga magoti karibu na tairi. Hakucheka tena. "Hayakufanya kitu, Masera."

"Nenda ukamlete fundi Muyisa."

Muyisa alifika saa tano kwa pikipiki, na kopo la bolti mapajani. Alimsalimu Masera kwa heshima, akamtupia binti yake jicho moja tu. Lilitosha.

Hakugusa spana yoyote kwanza. Alilala chali chini ya dashibodi, tochi mdomoni, akamwambia Joyeuse auchezeshe usukani polepole. Kila mara kilisikika kitu: ko, ko. Muyisa alitoa tochi mdomoni.

"Rotule haina kosa, Phinées. Uliiadhibu bure. Hili bomba la usukani linashikwa na bolti mbili chini ya dashibodi. Moja imelegea. Na huku chini, bolti inayobana kiungo nayo imelegea. Ndiyo sababu mikono inazunguka na magurudumu yamelala. Siku moja kingechomoka kwenye mteremko, na dereva angebaki ameshika duara tu."

Victoire alimtazama mdogo wake.

"Na ile bolti ya pili, Papa?" Joyeuse alimwuliza baba yake.

"Hii ya pili hapana ya gari." Muyisa aliichomoa na kuiinua. Ilikuwa nyembamba, yenye rangi ya kijani, imezungushiwa kipande cha mpira wa baiskeli ili ijaze tundu. "Hii ni bolti ya kitanda."

Phinées alivua kofia. "Ile yake ilianguka njiani. Na hii vita, vipuri utatoa wapi? Niliokota hiyo nyuma ya bweni, kabla ya Noeli."

Joyeuse, ambaye alikuwa ameanza kujisikia shujaa, ghafla alivutiwa sana na mawingu.

Muyisa alichagua katika kopo lake bolti zilizotoka kwenye lori lililokufa. Alimwonyesha Phinées namba iliyochongwa kichwani, 8.8. "Hiki ni chuma kigumu. Bolti ya kitanda inabeba mutu moja amelala. Hii itabeba wanane wako macho." Alifunga mbili juu na moja kwenye kiungo, kila moja na washa yake, ile pete ya chuma, akazikaza kwa nguvu. Akakagua pia sanduku la usukani kwenye fremu. Kisha akapima upya: juu na chini, kimya, kulia na kushoto, magurudumu yakaitikia mara moja. Alizunguka uwanja mara mbili, akampa Phinées ufunguo wa gari.

Ilikuwa saa saba. Victoire alichungulia dirishani.

"Siku nyingine ukiona nyoka, uniambie vilevile," alisema.

"Hata kama ni kamba?"

"Hata kama ni kamba."

Saa kumi na moja jioni foni ya parokia, ile redio ya mawasiliano, ilikoroma, na sauti ikatoka Beni: wote wanane wamefika salama. Masera Godelive alimwita Joyeuse ofisini.

"Chekesha, sikukatazi," alimwambia. "Nje ya ukuta huu kuna huzuni ya kutosha. Lakini ulikuwa na neno la kuokoa watu wanane, nawe ukalivika kofia ya mchekeshaji. Lilipohitajika, hata dada yako hakulitambua. Jambo la hatari liseme wazi, siku ileile unayoliona, na useme kwa jina lako. Leo ulifanya hivyo, ingawa ulichelewa, na ulijua utaadhibiwa. Wazazi watakuja Jumapili. Wewe utaosha Mathusalem kila Jumamosi mpaka mwisho wa mwaka."

"Ndiyo, Masera. Asante, Masera." Joyeuse alipiga hatua mbili kuelekea mlangoni.

"Bado hiki."

Masera alifungua kiganja. Ile bolti ya kijani ikabingirika juu ya meza.

"Kitanda cha kijani shuleni ni kimoja tu, cha Madame Julie, mlinzi wa bweni. Kabla ya Noeli kilianguka, naye akiwa juu yake. Tulisema ni kutu."

Joyeuse aliitazama bolti ile. Yeye mwenyewe alikuwa ameifungua kitandani na kuitupa dirishani, akicheka, na ilikuwa imezunguka taratibu mpaka ikaenda kukaa chini ya usukani wa gari la dada yake.

"Haikuwa kutu, Masera. Ni mimi."

"Bolti za kitanda kile zilipotea mbili."

"Ndiyo, Masera," alisema Joyeuse kwa sauti ndogo. "Ya pili iko katika sanduku langu. Ndani ya soksi."