Kilichokuwa Ndani ya Supu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Wacera alimfunga Shosho kitambaa kichwani, kisha akamuuliza, "Shosho, mimi ni nani?"

"Wewe ni mimi," Shosho alijibu, nao wakacheka. Wacera alipewa jina la nyanya yake huyo, kama ilivyo desturi ya Wagikuyu, kwa hiyo nyumba yao ya Ruring'u ilikuwa na Wacera wawili.

Asubuhi moja mwaka wa 1998, Shosho alimtazama bila kucheka. "Sijui," akasema. "Wewe ni wa nani?"

Jina alilolisahau Shosho lilikuwa lake mwenyewe. Je, akishalisahau hilo, atabaki na nini?

Jioni, alipokuwa akifungua nyama iliyofungwa kwa gazeti, aliona picha ya maua ya manjano. Habari ilisema kwamba wanasayansi wa ng'ambo walikuwa wakijaribu dawa ya Alzheimer, ugonjwa unaowapotezea wazee kumbukumbu, na kwamba dawa hiyo ilitoka katika kitunguu cha ua lile, kile kinachokaa ardhini. Sehemu iliyobaki ilikuwa imelowa damu, haikusomeka. Wacera hakuhangaika nayo. Maua kama yale yalimea kando ya kanisa lao.

Jumamosi, mama yake, Wangechi, alichemsha supu ya mifupa na mizizi michungu, kama alivyozoea kumpikia Shosho. Alipotoka kukatia ng'ombe majani, Wacera alikatakata vitunguu vitatu vya maua alivyovichimba kando ya kanisa, akavitumbukiza sufuriani. Uchungu wa mizizi ulificha kila kitu. Shosho alimaliza kikombe kizima, na Wacera akakaa mbele yake akisubiri aitwe kwa jina.

Hakuitwa. Shosho alianza kutapika, jasho likamtoka, mikono ikamtetemeka. Mama aliitisha pikapu ya jirani, wakamkimbiza hospitalini.

"Amekula nini?" aliuliza Daktari Kanana.

"Supu tu, daktari. Ya mifupa na mizizi, nimempikia miaka mingi. Labda ni nyama ya huyu Peterson wa buchari. Ati aliniapia imechinjwa leo."

Daktari akaanza kuandika. Wacera alisimama kando ya ukuta. Akisema, wote watajua kwamba amemtilia nyanya yake sumu. Asiposema, Shosho anaweza kufa. Shosho akaguna kwa maumivu, na hapo Wacera akaona kwamba hofu moja ilikuwa kubwa kuliko nyingine.

"Si nyama," alisema kwa sauti ndogo. "Ni mimi." Akatoa mfukoni mwa sweta kitunguu kimoja kilichokuwa kimebaki.

Daktari hakumkaripia. Alikikagua, akauliza alitia vingapi na kwa nini. Wacera alipomweleza habari ya gazeti, daktari akampigia kelele muuguzi alete maji ya kumtundikia mgonjwa. Wacera alikaa kwenye benchi mpaka saa kumi jioni, akiogopa kila mlango uliofunguliwa.

Hatimaye daktari akaja. "Ametulia. Ungenyamaza, ningekuwa bado natibu sumu ya nyama mbovu." Akaketi karibu naye. "Hao wanasayansi huchukua kitu kimoja tu ndani ya mmea, wakakisafisha na kukipima, kidogo sana. Na bado wanajaribu. Kitunguu kizima ni sumu. Hata dawa yenyewe ikifaulu, huenda ikapunguza kusahau tu, isirudishe yaliyopotea. Usimpe mgonjwa kitu kabla ya kuuliza. Na ukikosea, sema mapema, hata kama unaogopa."

"Na kesho tutaenda kwa Peterson kumwomba msamaha kwa kumsingizia nyama yake," akasema mama, aliyekuja pamoja na daktari. "Wewe na mimi."

Waliporuhusiwa kuingia, Shosho alifumbua macho. "Wewe ni wa nani?"

Wacera alijifuta machozi. "Mimi ni wewe, Shosho."

Shosho akafikiri kidogo. "Basi nipe huo mkono wangu," akasema, na Wacera akampa.