Kaburi la Kanzu

Siku aliyorudi mdogo wangu Attoumane kutoka vitani, nilikuwa uani napepeta mchele. Jua la saa nne, kuku wanadonoa chenga miguuni pangu, mama yangu Zalia amejilaza barazani na tasbihi yake. Hapo ni kwetu Marodoka, kisiwa cha Nosy Be huku Madagaska, mwaka uliofuata baada ya Wafaransa na Wajerumani kumaliza kuuana. Nawaambieni mapema, hiki si kisa cha jirani wa jirani. Ni mdogo wangu wa tumbo moja, na aliyemponza ni mimi.

Mlango wa ua ukafunguka, akaingia mwanamume amevaa koti la jeshi linalombwaya. Akasimama pale pale. Hakupiga hodi, hakutoa salamu. Mama akamwona, akapiga ukelele mmoja, akaanguka. Na alikuwa na haki yake, maana Attoumane tulikuwa tumeshamzika.

Ngojeni niwaeleze. Miaka miwili nyuma ilikuja barua ya serikali kwamba amefia Ufaransa na mwili haukupatikana. Fundi Kamardine, aliyetufundisha sote Kurani, akamswalia swala ya maiti asiyekuwapo, tukasoma hitima. Kwa dini ikatosha. Kwa mama haikutosha. Bibi yetu mzaa mama alikuwa Msakalava, na kwao maiti asiye na mahali pake hutangatanga. Mama akang'ang'ania kaburi. Fundi akamwambia bila maiti hakuna kaburi, mama akampa mgongo. Tukachukua kanzu ya Idi ya Attoumane, tukaivika sanda, tukainyunyizia maua ya mlangilangi, tukaenda kuizika makaburini Ambanoro, wanawake watatu na mchimbaji mmoja.

Sasa, mchimbaji anataka kipimo. Maiti hupimwa kwa kamba, na kamba hiyo ndiyo inayompa mchimbaji urefu wa shimo. Sisi maiti hatuna. Mama akaniambia, "Hadidja, wewe na nduguyo kimo chenu kimoja. Lala." Nikalala mkekani, mama akanipima kwa kamba ya ukindu kutoka utosini hadi kisiginoni. Kamba ikanitekenya shingoni, nikacheka. Mama akanifinya. "Nyamaza wewe, unapimiwa kaburi!" Tulikuwa wawili tu chumbani, na mlango umefungwa.

Basi mwenye kaburi ndiye huyo uani, mzima. Tukalia, tukachinja mbuzi, Marodoka nzima ikaja kumtazama. Yeye akakaa chini, akaegemea ukuta wa chumba cha nyuma, na hapo ndipo alipobaki.

Miezi mitano! Mwanamume mzima wa miaka ishirini na sita amekaa kitako anatazama ukuta. Hasemi. Hafanyi kazi. Ukimuita, anageuza shingo polepole, anakutazama kama anayejiuliza wewe ni nani, kisha anarudi kwenye ukuta wake. Na hana hata kovu. Hilo ndilo lililonikera kuliko yote. Saindou wa nyumba ya tatu alirudi na mguu mmoja, na asubuhi unamkuta anashona nyavu na kutania watu. Huyu wetu ana miguu miwili, mikono miwili, macho mawili, eti anaumwa. Anaumwa wapi? Ukimuuliza hajui.

Watu walisema wazi kwamba anajitia ugonjwa. Amezoea kulishwa na serikali, sasa anataka kulishwa na dada. Nami sikuwakatalia. Ni mimi niliyekuwa nikitwanga, nikipika, nikimwekea bakuli la wali mbele yake kila adhuhuri, nikisonya njiani kwenda na njiani kurudi. Na kila nilipolifuata, bakuli lilikuwa tupu. Safi, halina punje. Nikawa namwonyesha mama. "Mgonjwa wako huyo. Tazama anavyougua."

Siku moja adhuhuri, joto limewalaza watu wote, nikaingia kuchukua bakuli. Akaninong'oneza bila kugeuka.

"Dada. Nina udongo mdomoni."

"Kasukutue," nikamwambia.

"Hautoki."

Nikainama kulichukua bakuli, akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi, na nje jua linapasua vichwa.

"Bomu lilitufukia," akasema. "Tulikuwa saba shimoni. Wakanitoa mimi peke yangu. Lakini sikutoka, Dada. Wale sita wananikalia mpaka leo."

"Wenzako wamekufa, wewe umepona. Shukuru Mungu, ushike jembe."

Akaukaza mkono wangu. Kisha akasema taratibu, "Siku moja kule chini nilisikia Yasini. Na nilikusikia wewe. Ulicheka."

Bakuli likaniponyoka. Nikatoka mbio mpaka uani, nikasimama juani, nywele zimenisisimka. Nilipopata pumzi nikamvaa mama. Umemwambia kwamba nilicheka? Akaapa kwa Mungu hakumwambia mtu. Basi nikajisemea, mama mzee, amesema akasahau, na huyu mwerevu amelidaka neno aje kunitisha nalo. Hivyo ndivyo nilivyojituliza. Na kuanzia siku hiyo dharau yangu ikawa chuki, maana aliniogopesha, na mimi si mtu wa kuogopeshwa na mvivu.

Mwezi wa sita ikaja amri. Askari waliorudi na maradhi yasiyoonekana wapelekwe mji wa Mahajanga, wakaguliwe na daktari wa jeshi. Atakayeonekana mgonjwa kweli atapewa karatasi, akae kwao moja kwa moja. Atakayeonekana anajitia atarudishwa jeshini miaka mitatu, ng'ambo. Kila mmoja aende na ndugu wa kutoa ushahidi. Mama hakuweza safari. Nikaenda mimi.

Tukashuka Mahajanga, tukafikia mtaa wa Tanambao kwa Sittou, binti wa mama mdogo. Asubuhi yake nikampeleka kambini. Tulipofika mlangoni, Attoumane akasimama. Kwa mara ya kwanza tangu arudi, akanitazama usoni akaniona.

"Dada, nikirudi kule sitatoka tena. Waambie tu ulichokiona."

Hakuniomba nidanganye. Aliniamini mimi, mwanamke niliyekuwa nikimsonya kutwa mara mbili.

Daktari alikuwa kijana wa Kifaransa, mashavu mekundu, viatu vinang'aa. Hajafukiwa na chochote huyo, hata na shuka. Akamchoma Attoumane sindano za miguuni. Akampigia sahani ya bati nyuma ya kichwa. Akamwamuru ageuke, ainame, atoe ulimi. Attoumane alitii yote. Daktari akacheka, akasema neno na karani wake, naye akacheka. Kisha mkalimani, Mngazija mmoja jina lake Mouhamadi, akanigeukia.

"Bibi, daktari anauliza, ndugu yako anakula?"

Nilichokiona kilikuwa kingi. Nilimwona akitetemeka bati la jikoni likianguka. Nilimwona ameketi kwenye mkojo wake mwenyewe, hana habari. Niliona ngozi imeshikana na mbavu, na hata sikujiuliza anayekula hivyo anakondaje. Ningeyasema. Lakini nilikuwa nimechoka, na watu walikuwa wameshacheka, na nilitaka daktari ajue kwamba mimi si mjinga wa kudanganywa na mdogo wangu.

"Anakula," nikasema. "Bakuli lake hurudi tupu kila siku."

Sikusema uongo. Hilo ndilo linalonichoma. Daktari akaandika neno moja. Mouhamadi akakwepa macho yangu. Na nisiwafiche, niliona raha. Moyoni nikasema, haya, ukaegemee kuta za Wafaransa.

Attoumane akatikisa kichwa mara moja, askari wakamchukua.

Wakamfungia kambini kungoja meli. Kesho yake adhuhuri Sittou akapika wali kwa samaki, nikampelekea, maana hata ukimdharau mtu hulali ukijua ana njaa. Askari wa zamu akafungua kufuli mbele yangu. Chumba cha saruji, sakafu saruji, kuta za chokaa, dirisha la vyuma lisilopitisha hata ngumi. Attoumane amekaa kitako, ametazama ukuta.

"Attoumane."

Shingo haikugeuka.

"Attoumane, chakula."

Nikamgusa bega. Akaanguka ubavu. Mdomo ulikuwa wazi. Ulikuwa umejaa udongo. Umeshindiliwa mpaka kooni, mweusi, mbichi, una mizizi. Nikapiga magoti, nikaanza kuuchota kwa vidole. Nilichota. Haukuisha. Na katikati ya udongo vidole vyangu vikagusa ua. Ua la mlangilangi, la manjano, limechumwa kama leo.

Kwenye chumba kile hapakuwa na udongo hata wa kujaza kijiko. Kambi nzima haikuwa na mlangilangi.

Daktari akaja, akatazama, akafuta mikono. Mouhamadi akanitafsiria kwa sauti ya chini sana, ameona haya. "Anasema alikula udongo makusudi ili aonekane mgonjwa." Yaani maiti imelala mbele yake, na bado anasema inajitia! Nilimtukana yule kijana kwa lugha zote za kwetu, Kingazija na Kibuki cha bibi, matusi ambayo sikujua ninayo. Hakuelewa hata moja. Na nilipomaliza kumtukana nikakumbuka kwamba neno aliloliandika nilimpa mimi.

Wakamzika Mahajanga, makaburi ya jeshi. Mimi nikarudi Marodoka kumwambia mama. Kisha nikaingia chumba cha nyuma kufagia, nikainua mkeka wake.

Wali. Chini ya mkeka, kando ya ukuta, vijilima vya wali. Chini vimekauka na kuota ukungu, juu vyeupe. Vimepangwa mstari, kila kimoja kimefinyangwa tonge kwa tonge. Nikavihesabu. Sita.

Alikuwa akiwalisha wenzake. Miezi mitano hakula, na mimi nilikuwa napita na bakuli tupu nikimcheka.

Tukaenda Ambanoro na mama. Kaburi la kanzu lilikuwa vile vile, ila upande wa kichwani palikuwa na tundu. Si la panya wala kaa. Lilikuwa tundu la kuingia ngumi ya mtu, na udongo wake haupo pembeni. Tukalifukia. Tukarudi wiki ya pili, lipo. Mama akalifukia mara tatu, ya nne akafa, Mungu amrehemu. Hakuna tena wa kulifukia.

Miaka imepita. Sasa mimi ni mzee, nakaa Tanambao kwa mwanangu. Hayrat, mke wa mwanangu, ni mwanamke mchapakazi, mkali wa ulimi, kama mimi nilivyokuwa. Tangu mfungo mosi nimekuwa nakaa chini, nimeegemea ukuta. Nikitaka kuinuka, miguu inakataa. Nikitaka kulia, machozi hayaji. Nikiamka asubuhi sijui niamkie nini. Wamenipeleka hospitali, daktari akanigonga mgongoni, akasema mzima. Kila adhuhuri jua likishika utosi, mdomoni mwangu kunakuja ladha. Mwanzo nilidhani meno.

Ni udongo. Nasukutua, hautoki.

Na kaburi lile la Ambanoro lilichimbwa kwa kipimo changu. Attoumane halikuwa lake. Nalikumbuka hilo kila siku.

Leo adhuhuri Hayrat kaniwekea bakuli la wali. Sikuligusa. Wallahi sikuligusa, tumbo langu halijapokea kitu siku tatu. Nilifumba macho kidogo tu. Niliposikia nyayo zake nikayafumbua. Bakuli lilikuwa tupu. Safi, halina punje.

Alilichukua, akasonya. Pale mlangoni nikamsikia akimnong'oneza mume wake, "Mama yako anajitia. Mgonjwa gani anayemaliza wali?"

Sikumlaumu. Nilitazama viganja vyangu, vikavu, havina hata mafuta ya wali. Nikangoja waondoke. Nikasogea, nikainua ncha ya mkeka wangu kando ya ukuta.

Wali ulikuwa bado wa moto. Matonge yamepangwa mstari, nadhifu. Nikayahesabu, nikayarudia kuyahesabu.

Saba.