Shangazi Hakurudi Nao

Giza la nchi hii halina adabu. Hujamaliza chai ya alasiri, limeshaingia. Ndiyo maana taa zote za uwanja wa ndege zilikuwa zinawaka nilipokwenda kuwapokea wageni wangu, siku chache kabla ya Krismasi, nimebeba makoti ya kuazima ili wasigande kwa baridi.

Nilikuwa na furaha ya kitoto. Miaka yote niliyokaa ughaibuni, dada yangu hakukosa sababu ya kutokuja. Mara nauli, mara pasipoti, mara mafua. Kisha nikampigia simu kumwambia nina mimba changa. Zaidi ya mume wangu hakuna mwingine aliyekuwa anajua. Dada alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika, halafu akasema, "Basi Krismasi hii tunakuja." Nililia kwa furaha. Nilidhani ni mapenzi.

Unaweza kunicheka. Hata mimi najicheka siku hizi.

Dada alitoka wa kwanza, kajifutika ndani ya sweta pana. Nyuma yake shemeji, anasukuma kitoroli cha mizigo na tayari anawachekesha watu wasiojua hata neno moja la lugha yake. Kisha Msusi, rafiki yangu tangu shule, ambaye dada alimlipia tiketi eti nipate mtu wa kupiga naye soga. Tukakumbatiana, tukapiga kelele, watu wakatugeukia.

Halafu nikamwona wa nne.

Mwanamke mzee, mrefu, shali nyeusi kichwani. Alisimama nyuma ya Msusi. Hakuwa na begi. Miguuni alikuwa na kandambili, baridi yote ile.

Dada akanisogelea sikioni. "Msalimie shangazi."

"Shangazi yupi?" nikanong'ona.

"Msalimie kwanza. Unamwaibisha."

Upande wa baba mashangazi ni wengi, nusu yao sijawahi kuwatia machoni. Na mtu mzima humuulizi usoni, wewe ni nani. Sisi hatukulelewa hivyo. Nikakunja goti kidogo, nikainamisha kichwa.

"Shikamoo, shangazi."

Mzee hakunitazama usoni. Alinitazama tumboni. Midomo yake ikaachana polepole, kama vile ilikuwa imeshonwa.

"Marahaba."

Nikapata harufu. Udongo uliolowa. Nje ardhi yote ilikuwa barafu tupu, na mimi nanusa udongo wa mvua!

Dada alishusha pumzi ndefu. Msusi alikuwa anahangaika na zipu ya koti lake, na zipu yenyewe ilikuwa imeshafungwa.

Tukachukua teksi. Huku sheria ni kali, gari la abiria wanne halibebi watano, na dereva anaweza kukushusha njiani bila aibu. Nilishaandaa maneno ya kumbembeleza. Lakini alituangalia tunavyoingia, akawasha gari, hakusema kitu. Shangazi alikaa katikati, nyuma, kati yangu na dada, Msusi upande wa pili wa dada. Nilitegemea tubanane. Hatukubanana.

"Shangazi, baridi ya huku inauma, eti?" shemeji akatania kutoka kiti cha mbele. Aligeuka kusema hivyo, ila macho yake yalitua dirishani, pembeni kabisa ya uso wa mzee. Nikasema moyoni, shemeji siku hizi ana heshima.

Mume wangu ni dereva wa malori ya safari ndefu, na sikukuu hizo alikuwa barabarani. Nyumba yetu ina chumba chetu, sebule, na kachumba kadogo tulikokuwa tumeanza kukapaka rangi kwa ajili ya mtoto. Nilipanga shangazi alale na dada chumbani kwangu, mimi na Msusi sebuleni, shemeji ajibane humo kwenye kachumba.

"Hapana," dada akasema haraka. "Kachumba kadogo mpe shangazi. Mpe kwa mkono wako, umwambie ni chake."

Nikampa. Nikamfungulia mlango, nikamwambia, "Hiki ni chako, shangazi." Hivyo ndivyo nilivyosema, kwa mdomo wangu.

Kazi yangu ni kutandika vitanda hotelini. Ukishatandika vitanda vya watu miaka mingi, unajua aliyelala, aliyekesha, aliyelia na aliyegombana na mwenzake. Shuka linasema lenyewe. Asubuhi iliyofuata nikapita kutandika, mazoea tu.

Kitanda cha shangazi kilikuwa vilevile nilivyokiacha. Pembe za shuka nilizozikunja zilikuwa kwenye mikunjo yake, mto hauna bonde la kichwa. Nikasema labda mzee amelala sakafuni. Nikapapasa blanketi.

Lilikuwa limelowa. Baridi kama kitambaa kilichofukuliwa.

Nikarudi nyuma, nikaingia alikolala dada na shemeji. Huko nako nikakuta jambo. Mto wa tatu ulikuwa katikati ya kitanda, umebanwa na magoti, na bonde la mwili liko upande wa kushoto. Wajawazito wa hotelini ndio wanaolala hivyo. Wanaomba mto wa ziada usiku, asubuhi naukuta hapohapo.

Nikamfuata jikoni. "Dada, una mimba?"

Kisu kikamponyoka. "Nani kakwambia? Nimenenepa tu."

Nikamwacha. Dada alikuwa ameshapoteza mimba moja baada ya nyingine, nyingine zikiwa kubwa kabisa. Nilijua anaogopa hata kuitaja. Tena nilifurahi kimoyomoyo kwamba watoto wetu watafuatana. Mwenzenu nilikuwa nimeshaanza kuwapangia nguo za kufanana.

Siku ya Krismasi tulipika, tukafungua muziki, shemeji akacheza mpaka jirani wa chini akagonga dari lake. Shangazi alikaa kwenye kiti cha mume wangu, karibu na dirisha. Hakula. Dada alisema amefunga. Kila nikipita mbele yake, kichwa chake kiligeuka polepole kufuata tumbo langu. Shingo ilitoa sauti... kre, kre, kre... kama mlango usiotiwa mafuta.

Dada akatoka jikoni na sahani yake, anacheka, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kile kiti. Akakaa.

Alikaa juu ya shangazi.

"Dada!" nikapiga yowe. "Umemkalia shangazi!"

Muziki ulikuwa unaendelea. Dada aliruka, sahani ikavunjika. Akageuka kukitazama kiti. Akakitazama kushoto, akakitazama kulia, akapitisha mkono wake hewani, ndani ya kifua cha yule mzee, ukatokea upande wa pili.

Kisha akatabasamu.

Sijawahi kuona tabasamu la namna ile. Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Simwoni," akamwambia mumewe kwa sauti ndogo. "Simwoni tena."

Shemeji akamkumbatia. Walikumbatiana pale katikati ya vigae vya sahani, na mimi nimesimama, nawatazama kama mgeni kwenye nyumba yangu mwenyewe.

Jioni ile Msusi alikuwa ananisuka. Nywele akazivuta mpaka nikauma meno.

"Shoga," akanong'ona. "Mimi sijawahi kumwona."

"Nani?"

"Huyo shangazi. Tangu uwanja wa ndege. Mkisema shangazi, naangalia kiti kitupu. Dada yako alisema ni desturi ya ukoo wenu, kumkumbuka marehemu. Akasema nisikutie hofu. Mimi nikaona nimelipiwa safari, mambo ya ukoo wa watu yananihusu nini?"

"Na shemeji?"

"Hata yeye hamwoni. Anafundishwa pa kutazama." Akaacha kusuka. "Nisamehe, shoga."

Mlango wa kachumba ulikuwa wazi kidogo. Mle ndani, gizani, nilisikia mtu anavuta pumzi kupitia meno.

Dada nilimbana usiku huohuo. Akasema Msusi ana wivu, akasema amechoka, akasema tutaongea kesho nikitoka kazini. Hoteli hazijui sikukuu. Nilikwenda kazini na akili yangu iko nyumbani, nikatandika kitanda kimoja mara mbili.

Nilirudi giza limeshaingia. Nikafungua mlango.

Mabegi hayakuwepo. Viatu vya mlangoni havikuwepo. Makoti ya kuazima yalikuwa yamekunjwa vizuri juu ya meza. Walikuwa wamebakiza wiki nzima kwenye tiketi zao.

Na kwenye kiti, karibu na dirisha...

Alikuwa amevua shali. Sikutazama kilichokuwa chini yake. Nilitoka nje kwenye ngazi, nikapiga simu. Dada alipokea, nyuma yake nikasikia matangazo ya ndege.

"Mko wapi?"

"Tumeshapita ukaguzi, mdogo wangu."

"Shangazi yuko hapa."

"Najua."

"Ni nani yule?"

"Sijui. Naapa sijui. Mama alimkuta kwa bibi. Alipopata mimba yangu, mama mdogo naye alikuwa mjamzito, basi mama akamfanya amsalimie. Mengine unayajua."

Nilikuwa nayajua. Mama mdogo alikufa akiwa amebakiza siku chache ajifungue, na mtoto wake hakutoka hai. Tulikua tunaambiwa ni shinikizo la damu.

"Nilipoolewa yule mzee akaja kwangu," dada akasema. "Hahami mpaka mjamzito wa damu yetu amsalimie. Umebaki wewe peke yako."

"Na mtoto wangu, dada?"

"Na wangu, je?" Sauti yake ikapasuka. "Mimi nimezika wangapi? Wewe umezika wangapi?"

"Ungeniambia."

"Ningekwambia, ungemsalimia?"

Akakata simu. Nilikaa kwenye ngazi ile ya baridi, nikalia mpaka jirani mmoja akapita akiniinamia kuniuliza kwa lugha ya kwao kama nimepigwa. Nikatikisa kichwa. Lakini nilikuwa nimepigwa, tena na mtu aliyenibeba mgongoni.

Nikampigia mama. Nilitaka anyanyuke, apige kelele, amlaani dada. Mama ni mama.

"Mwanangu," akasema, taratibu, kama mtu aliyekuwa anaisubiri simu hiyo. "Huko uliko kuna hospitali kubwa. Madaktari wako wana mashine. Dada yako hapa ana nini?"

Kumbe walikaa kikao. Walikunywa chai, wakatupima mimi na dada, wakaona wa kutoswa ni mimi. Pengine mama ndiye aliyemwambia apande ndege. Sikuuliza. Hilo sikutaka kulisikia kwa sauti yake.

Mume wangu alirudi baada ya mwaka mpya. Nilimweleza yote, akanishika mkono, akasema nimechoka na upweke umenizidi. Akakaa kwenye kiti chake. Nikafumba macho. Sasa amehamishia kiti jikoni kwa sababu yangu, lakini shangazi hakukifuata. Kwanza alikuwa anakaa kachumbani. Baadaye nikawa namkuta kwenye korido. Siku hizi anakaa miguuni pa kitanda changu, na kila wiki anasogea juu kidogo. Jana mkono wake ulikuwa umefika kwenye goti langu. Mkunga anasema moyo wa mtoto unapiga vizuri. Namuuliza kila mara, unapiga? Ananiambia unapiga, mama, usiwe na wasiwasi.

Hakuna wa kumsukumia. Ndugu mwingine wa kike sina. Na hata ningekuwa naye, sijui. Usiniulize.

Leo asubuhi simu ikalia. Shemeji ametuma picha. Dada amejifungua mtoto wa kike, mzima, amenona, macho yamefunguka kabisa. Mama amempakata, anacheka mpaka ufizi unaonekana. Chini shemeji ameandika: "Tumempa jina lako. Hongera, somo!"

Nilisoma mara ya kwanza nikatabasamu. Nilidhani ni kuomba radhi.

Nikasoma tena.

Kwetu mtoto hapewi jina la mtu aliye hai. Haijawahi kutokea, toka enzi za bibi. Jina la mtu hungojewa mpaka mwenyewe azikwe, ndipo apewe mjukuu au mpwa. Shemeji si wa ukoo wetu, huenda hajui. Dada anajua. Na mama ndiye anayetoa majina.

Nilishika tumbo langu kwa mikono miwili. Kisha nikamwandikia dada maneno mawili tu.

"Bado nipo."

Simu inaonyesha ameshasoma. Jua limezama, mume wangu yuko barabarani, na dada hajajibu.