Alama za Pumzi

Ijumaa, tarehe kumi na nne Novemba, saa kumi na mbili kasorobo jioni. Hapo ndipo mambo yalipogeuka.

Araba Amissah alikuwa amerudi dukani kwake, pale Saltpond, mji wa pwani, kwa kazi ndogo tu. Siku zote kazi yake ni kuchora mabango ya misiba: picha ya marehemu, umri wake, majina ya wafiwa. Jioni hiyo alikuja kusogeza noti moja ya muziki. Jumapili angevua nguo nyeusi na kuvaa nyeupe, maana mumewe, Fiifi, alikuwa anatimiza mwaka kaburini, na kwaya ingeimba wimbo wake. Fiifi alitunga wimbo mmoja tu maishani.

Kompyuta aliyouandikia ilikufa. Zilibaki kurasa zilizokuwa tayari kuchapwa, na Araba alizifungua katika programu yake ya mabango. Humo noti si noti. Ni mchoro: yai jeusi na kijiti chake. Unaishika, unaivuta, inakufuata. Haitoi sauti.

Aliyemtuma ni Mwalimu Otsiwa, kiongozi wa kwaya na rafiki wa Fiifi tangu utoto. Alidai noti moja ya sauti ya tatu imekaa vibaya. Sauti ya tatu ni yake mwenyewe. Araba alijiuliza kwa nini kosa hilo halikuonekana mwaka jana, lakini alikubali.

Ubeti wa pili ni wa watu wanne. Fiifi aliuandika kwa ajili ya nyumba yake: binti yao Ewurasi sauti ya kwanza, Araba ya pili, Otsiwa ya tatu, yeye mwenyewe ya nne. Mwaka huu ya nne ingeachwa kimya, kwa heshima. Juu ya kila mstari aliweka alama ya pumzi, kimkato kidogo, mahali pa kuvuta hewa.

Araba aliisogeza noti. Kisha akatazama juu.

Mstari wa Ewurasi haukuwa na alama.

Jana alikuwa ameiona kwa macho yake. Akachora nyingine, akaiweka. Akashusha macho... mstari wake mwenyewe ulikuwa mtupu. Akaurudishia wake. Wa Ewurasi ukawa mtupu tena. Alirudia, akarudia. Alama hizo mbili zilikataa kukaa pamoja. Ile ya Otsiwa tu haikutikisika.

Ndipo harufu ilipoingia. Dawa ya Fiifi ya kuchua kifua, ile kali ya kwenye kikopo. Nyumbani kwake haijafunguliwa tangu Fiifi afe.

Alitoa nakala ya mwaka jana kwenye kitabu chake cha nyimbo. Ilichapwa na Otsiwa. Sauti ya kwanza, alama ipo. Ya pili, ipo. Ya tatu, ipo.

Ya nne haikuwa nayo.

Mwaka jana, katika ubeti huo, Fiifi alianguka mbele ya kanisa zima, mdomo wazi, hewa haiingii. Daktari alisema ni moyo.

Mlango ulisukumwa. Alikuwa Otsiwa.

"Shemeji, bado unatuchorea mabango?" alitania. "Utatumaliza sote."

Araba hakucheka. Aliigeuza kompyuta, akamwonyesha. Otsiwa alisogea, akatazama. Akasema mashine ni kuukuu, vumbi la kiangazi limeanza, umeme nao unachezacheza. Waimbaji wazuri wanajua wenyewe pa kupumua.

"Na mwaka jana?" Araba aliuliza kwa sauti ya chini. "Ya Fiifi ilikwenda wapi?"

Otsiwa alijibu kwamba mwaka jana iliyopotea ni yake. Aliirudisha tu, akachapa. Hakuangalia mistari mingine. Nani aangalie vitu vidogo hivyo?

"Kwa hiyo ni mashine tu."

"Mashine tu, shemeji."

Araba akashika kipanya. Taratibu akaibofya alama ya Otsiwa, akaanza kuivuta kuelekea mstari wa binti yake.

Otsiwa alishika meza.

"Araba..." alinong'ona. "Usiiguse hiyo. Nakusihi."

Araba alisimamisha kipanya.

"Ulijua," Araba alisema.

Otsiwa aliiachia meza. Jasho lilimtoka ilhali upepo ulikuwa wa baridi. Hatimaye alisema, kwa sauti ambayo Araba hakuwahi kuisikia kwake, kwamba yeye siye anayezitoa alama. Hajui ni nani. Noti ile ilikuwa kisingizio; aliogopa kuufungua ukurasa kwa mkono wake. Yeye alitaka kupumua tu.

Araba aliikodolea macho alama ile. Ilikuwa katikati ya mistari, si ya mtu yeyote bado. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Alimwona Ewurasi akiwa na gauni jeupe. Alimwona Fiifi pia, sakafuni. Akajua kwamba akiiachia pale anapotaka, hatakuwa tofauti na mtu huyu aliyesimama mbele yake.

Akairudisha. Kisha akakamata ukurasa mzima, noti zote, maneno, jina la mumewe juu kabisa, akafuta. Akafuta na faili lenyewe. Nakala ya karatasi, ya mwisho iliyobaki, akaichoma nje, huku akilia. Wimbo wa Fiifi ukaisha duniani.

Jumapili waliimba wimbo wa kitabuni ambao kila mtu anaujua. Ewurasi alinuna, akamwambia mama yake amemwonea wivu baba hata kaburini. Araba alikubali lawama. Hakusikiliza uimbaji; alitazama tu kifua cha mwanawe kikipanda na kushuka. Otsiwa alisimama kwenye nafasi yake, midomo imefungwa. Hadi leo haimbi. Akikutana na Araba sokoni humvuta kando, akamuuliza kama kweli alifuta kila kitu, maana nyumbani kwake, anasema, karatasi za wimbo ule zimeanza kutoka zenyewe kwenye mashine ya kuchapa.

Araba humwacha hapo sokoni. Huenda kaburini, akapiga magoti.

"Ee Bwana, mpokee mtumishi wako Fiifi. Mpe pumziko la milele. Alichokutungia kitunze wewe, maana sisi tulio hai hatuwezi kukiimba. Amina."