Uso wa Bibi Kwenye Picha

Jumapili ile nyumba ya fundi bomba iliamka mapema. Mkewe, ambaye ni mshonaji, alisogeza cherehani pembeni akafagia sebule. Binti yao alipiga pasi nguo za watu wote. Alikuwa amepata kazi ya uuguzi katika mji wa mbali, na safari ilikuwa kesho yake. Aliomba kitu kimoja tu: picha ya familia nzima, aibandike ukutani kwenye chumba chake kipya.

Bibi, mama yake fundi bomba, hakutaka. Alisema wapige wao, yeye atatazama. Mwanawe alimbembeleza mpaka akakubali shingo upande.

Walikaa kwenye kochi, dirisha kubwa likiwa nyuma yao. Baba aliegemeza simu kwenye birika juu ya meza, akaitega ipige yenyewe baada ya sekunde kumi, akakimbilia nafasi yake. Picha ilipotoka, mti wa nje ulionekana jani kwa jani. Watu walikuwa weusi tii, kama vivuli.

Baba hakukata tamaa. Alipiga ya pili kwa mwanga wa simu. Mapaji ya nyuso yakang'aa kama sufuria zilizosuguliwa, na Bibi akatoka amefumba macho. Ya tatu akawasha taa ya darini. Sasa kila mmoja alikuwa na mashimo meusi chini ya macho. Mama alisema hiyo si familia, ni mkutano wa mizimu. Walicheka wote, isipokuwa Bibi. Yeye aliinuka.

"Mjukuu wangu, usinichukie," alisema. "Babu yako aliacha picha moja tu, na uso wake hauonekani. Siku ya mazishi tuliiweka mezani, watu wakaniuliza ni nani yule. Sitaki na wewe uje uulizwe hivyo juu yangu."

Mama akakumbuka kuwa jirani yao wa mlango wa tatu alifanya kazi ya kupiga picha studio kwa miaka mingi. Baba alinung'unika kwamba simu mpya haihitaji mambo ya studio. Mama alitoka akamwita jirani.

Jirani alikuja na povu la sabuni bado mikononi. Alizitazama zile picha tatu kwa makini.

"Simu yenu haina kosa," alisema. "Dirisha mmeligeuzia mgongo. Ligeuzieni uso. Simu ikiona mwanga mkali nyuma yenu, inahangaika na mwanga huo, nyuso zinabaki gizani."

Basi wakaligeuza kochi lielekee dirishani, kwa upande kidogo. Baba alilalamika kwamba sasa ukuta uliobanduka rangi utaonekana.

"Nani atatazama ukuta akimwona mama yako?" Jirani alimuuliza.

Alizima taa ya darini, kwa sababu kivuli chake huangukia machoni. Jua lilikuwa linaingia moja kwa moja na wote walikuwa wamekunja nyuso, kwa hiyo akavuta pazia jepesi jeupe. Pale pale mwanga ukawa laini. Hata hivyo, upande wa pili wa nyuso ulikuwa bado na giza. Akaomba shuka jeupe, akalitandaza juu ya mgongo wa kiti upande huo. Shuka likaurudisha mwanga wa dirisha kwenye mashavu yao. Mwisho akafuta kioo kidogo cha kamera, kilichokuwa kimejaa mafuta ya jikoni.

Bibi alisema labda ngozi yake ni nyeusi mno kwa picha. Jirani alitikisa kichwa.

"Si kweli, mama. Ngozi yako inataka mwanga laini, na simu iupimie hapo usoni."

Akamwelekeza Baba aguse uso wa Bibi kwenye kioo cha simu. Uso ule ukang'ara. Kisha Jirani akakaa kando, akamwachia Baba kazi yote. Baba aliitega simu, akakimbia, akakosea hatua, akamkalia mkewe mapajani. Kicheko kilikuwa hakijaisha simu ilipolia.

Walikusanyika kuitazama. Kila uso ulionekana, na wa Bibi kuliko wote. Bibi aliishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na macho.

"Huyu ni mama yangu," alisema.

"Ni wewe, Bibi," binti alimjibu taratibu.

"Najua ni mimi. Lakini mama yangu hakuwahi kupigwa picha, na nilikuwa nimeanza kumsahau sura. Kumbe ninayo mwenyewe."

Akaenda kukaa tena mbele ya dirisha, akatengeneza nguo begani.

"Nipige peke yangu," alimwambia mwanawe. "Na usiniharakishe."

Baba alihakikisha taa imezimwa, akasogeza shuka karibu, akagusa uso wa mama yake kwenye kioo cha simu. Jirani hakulazimika kusema neno.

Kesho yake binti alizichapisha picha mbili dukani, akasafiri nazo. Ile ya familia aliibandika ukutani. Ile ya Bibi aliiweka karibu na mto, na kila muuguzi mwenzake aliyeingia chumbani alisema, "Huyu lazima ni bibi yako. Mmefanana."