Msumeno Ukizimwa Bado Unakata

Binti alipokea gogo kwa mbele, baba yake akalisukuma kutoka nyuma. Walikuwa wamelipasua upande mmoja, kisha wakaligeuza walipasue upande wa pili. Msumeno wao ulikuwa mdogo. Mkanda wake wa chuma wenye meno, unaozungushwa na magurudumu mawili, haukufikia unene wa gogo. Mipasuo miwili haikukutana sawasawa, na ubao ukatoka na ngazi katikati.

Baba alizima mashine. Halafu, kama kawaida yake, akachukua kipande cha mti akaukandamiza mkanda ubavuni ili usimame upesi. Ndivyo babu yake binti alivyomfundisha, na sasa yeye alikuwa akimfundisha binti, kwa sababu siku moja karakana ingekuwa yake. Kipande chenyewe alikishika kwa vidole vitatu. Viwili vilikatwa zamani. Akiulizwa, alisema kiliteleza, basi.

Ilibidi kununua msumeno mkubwa. Mama hakubishana. Alisema neno moja tu: "Mnunue mnaoutaka. Lakini mikono ya mwanangu irudi jioni kama ilivyotoka asubuhi."

Ndiye aliyemwomba jirani yao aandamane nao. Jirani huyo alikuwa mwanamke, fundi wa mitambo, na mtaa mzima ulimwita Spana.

Kwenye ghala la mashine kuukuu, baba aliupenda msumeno mmoja mara moja. Ulikuwa mrefu kuliko yote. Magurudumu yake yalikuwa wazi, hayana milango ya kuyafunika. Baba alisema hakuna gogo litakaloushinda. Spana hakumpinga. Alimwomba muuzaji auwashe, kisha auzime.

Ngurumo ikafifia. Pakawa kimya.

"Kaka, msumeno umesimama?" Spana akamuuliza baba.

"Si unasikia mwenyewe? Umelala," baba akajibu.

Spana akaweka kipande cha boksi juu ya meza ya msumeno, akakisukuma kwa fimbo ndefu hadi kwenye mkanda. Boksi likagawanyika mara mbili bila sauti yoyote.

Binti akarudi nyuma. Spana akamweleza taratibu kwamba gurudumu zito halisimami umeme ukikatika. Linaendelea kwa uzito wake, na kadiri lilivyo kubwa ndivyo linavyochelewa kusimama. Anayelizuia kwa kipande cha mti anashindana nalo kwa vidole.

Baba aliutazama mkono wake.

"Siku ile," akasema, "palikuwa kimya hivihivi."

Binti hakuwahi kumsikia akisema hivyo.

Spana akawauliza unene wa gogo kubwa kuliko yote waliyowahi kupasua. Baba akaonyesha kwa mikono. Basi, Spana akasema, hawakuhitaji msumeno mrefu kuliko yote. Akawapeleka kwenye mwingine uliotosha gogo hilo. Huo ulikuwa na milango ya kufunika magurudumu, kinga ya mkanda inayoshushwa hadi karibu na mbao, na breki ya kukanyaga. Akakagua magurudumu kama yana nyufa. Akauliza pia kama umeme wa karakana ungeuendesha.

"Umevishwa makoti yote haya," baba akanung'unika, "unaumwa homa?"

"Bora uumwe wenyewe, kaka, kuliko mimi shangazi yake nije kumtazama binti hospitalini."

Baba akacheka kidogo, akaununua.

Waliufunga juu ya sakafu ya zege, ili usitikisike. Siku ya kwanza walipasua gogo kwa mpasuo mmoja mmoja. Ubao ulitoka laini, bila ngazi. Jua lilipozama, mbao mbili zilikuwa zimetoka, na sehemu kubwa ya gogo ilikuwa bado.

Binti akazima mashine. Mkono wa baba ukaenda wenyewe kwenye kile kipande cha mti. Lakini binti alikuwa ameshakanyaga breki. Mkanda ukapunguza mwendo, ukasimama, meno yake yakaonekana moja moja.

Baba akabaki amekishika kipande. Kilikuwa kimejaa alama za meno. Akainama, akakipachika chini ya gogo ili lisiviringike usiku.

"Lililobaki kesho," akasema.

Mama alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Binti akakipokea kwa mikono yote miwili.