Pumzi ya Kiti cha Abiria

Ilikuwa Jumanne, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi jioni. Saa ya gari lile ilikuwa imekufa zamani, hivyo sikuitegemea. Naitaja saa hiyo kwa kuwa honi ya kiwanda cha jirani ndiyo kwanza ilikuwa imelia kuwatoa watu wa zamu ya mchana, nayo haijawahi kuchelewa.

Mdogo wangu ni fundi wa viyoyozi vya magari. Watu humwita Barafu. Mimi ni mlinzi wa gereji yake. Kusoma nilijifunza uzeeni, peke yangu, kwenye vibandiko vya makopo ya oili. Basi yeye akijikunja chini ya dashibodi, mimi ndiye humsomea namba za joto kwenye kioo cha kiyoyozi.

Gari lilikuwa la kifahari, la miaka mingi, viti vyake vya ngozi vikinukia manukato na kitu kingine... kama udongo uliolowa. Lililetwa na mjane mmoja mwenye sauti ya chini.

"Upande wa dereva hauna neno," alisema. "Upande wa abiria ni baridi tu, hata ukiweka joto la mwisho. Tangu mume wangu atoke hapo."

"Kwani alikwenda wapi, mama?" Barafu alitania.

Mjane aliondoka kwa miguu, bila kugeuka.

Barafu aliitafuta kasoro kwa utaratibu wake. Gesi ilitosha. Vilango vya hewa vilifunguka na kujifunga vizuri. Ikabaki sensa, kidude kilichojificha nyuma ya matundu madogo ya dashibodi, chenye kifeni cha kuvuta hewa ya ndani ili ipimwe joto. Akakichomoa kifeni, akanipa kupitia dirisha la dereva.

"Hiki kimekufa. Shika, kaka, kisipotee."

Kisha, kwa mazoea ya kazi, akachana kipande cha karatasi laini na kukiweka kwenye yale matundu. Kifeni kikiwapo na kikiwa kizima, karatasi hunasa. Kisipokuwapo, huanguka.

Karatasi ilinasa.

Nilitazama kiganja changu. Kifeni kilikuwa humo...

Karatasi ikaachia, ikapepea. Ikanasa tena. Ikaachia. Taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala.

"Toka," nilinong'ona. "Toka humo, mdogo wangu."

"Upepo tu huo. Yaani uzee umekufikisha pa kuogopa hewa?" Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. "Ngoja niipulizie sensa, tuone kama inasikia joto. Wewe soma."

Ndivyo wafanyavyo mafundi: pumzi ya mtu ina joto, na sensa nzima hulisikia mara moja. Akainama, akasogeza mdomo, akapuliza.

"Kumi na nne," nilisoma. "Kumi na tisa. Ishirini na tano..."

Alikuwa bado anapuliza. Hakuna kifua chenye pumzi ndefu kiasi kile. Mashavu yake yakabonyea. Nikatambua kwamba hakuwa akipuliza tena.

Alikuwa akinyonywa.

Kioo cha dirisha kikapanda chenyewe. Nikavuta mlango, haukufunguka. Nikagonga kwa ngumi, nikaita, nikalia. Na mdomo wangu, Mungu anisamehe, uliendelea kusoma.

"Thelathini na tatu... thelathini na tano..."

Kioo cha upande wa abiria, ambako hapakuwa na mtu, kikaota ukungu kwa ndani.

"Thelathini na saba."

Namba ikasimama hapo. Mlango ukaachia. Nilimtoa nje akiwa baridi kama chuma cha alfajiri.

"Kaka," alinong'ona, "imekubali?"

Asubuhi mjane alirudi. Alifungua kwanza mlango wa abiria, akafunga mkanda juu ya kiti kitupu, akakilaza kiganja chake kwenye ngozi ya kiti na kukiacha hapo kwa muda.

"Ahsante," alisema. Hakuwa akituambia sisi.

Watu wanadai ilikuwa Ijumaa, usiku wa manane. Si kweli, jua lilikuwa bado halijazama. Wanadai mdogo wangu alilewa gesi. Si kweli, mtungi ulikuwa umefungwa, niliukagua mwenyewe. Wanadai mjane yule ni mchawi. Hilo silijui, na sitamsingizia.

Wanadai pia kwamba Barafu amepona, kwa kuwa anakula, anafanya kazi na kutania kama zamani. Hapo ndipo wanapokosea zaidi. Kila alfajiri, kabla hajaamka, mimi humwekea kipande cha karatasi laini puani.

Hakijapepea hata mara moja.